Maji Yaliyotoka Nilipofika

Magoti yangu yamekataa, ndiyo maana daftari limekuja mikononi mwenu. Nasikia komite mpya ya waangalizi ina vijana saba, na nyote mna simu zenye kamera. Hongereni. Mimi nilianza na kalamu moja iliyovuja wino na viatu vya plastiki ambavyo mawe ya lava yalivikata kabla havijazoea miguu yangu. Mmeniomba niwaeleze jinsi raia anavyoiangalia serikali ikifanya kazi yake katika mji huu wa Goma. Somo sina. Nina mambo niliyoyaona, na siku hizi yananijia ovyo ovyo, hasa asubuhi, ukungu unapopanda kutoka ziwani na kufunika mabati ya Mabanga, nami nimekaa mlangoni chai yangu inapoa. Mabidoni ya njano ya kutekea maji yananipitia kichwani, mstari mrefu usio na mwanzo wala mwisho, na sijui hata ni ya mwaka gani. Ninayatazama tu yakipita mpaka mjukuu wangu aniulize kama nimelala.

Kazi yenyewe haikuwa na maajabu. Kila juma nilizunguka: robine za umma, yaani mabomba ya kutekea maji, kituo cha afya, mifereji ya mvua, ofisi ya kuandikisha watoto waliozaliwa. Nilitazama kama kile kinachosemwa ndicho kinachofanyika. Niliandika. Mwisho wa mwezi nilisoma niliyoyaandika mbele ya watu wa mtaa, na wakubwa wenyewe wamekaa kwenye viti vya mbele wakijipepea kwa makaratasi. Hatukuwa na muhuri wala nguvu ya kumfukuza mtu kazini. Tulikuwa na daftari na sauti, na sauti yangu wakati ule ilikuwa kubwa.

Aliyenifundisha ni Muzee Anselme, mwalimu mstaafu, mwembamba, mwenye kofia ambayo hakuivua hata kanisani mpaka mkewe aivue kwa mkono wake. Hakupenda maneno mengi. Tukifika kwenye robine, watu wote wakitazama maji, yeye aliinama akaingiza mkono kwenye beseni la saruji lililo chini yake, akapapasa ile kona isiyopigwa na jua. Robine inayotoka kila siku, aliniambia, huota ute wa kijani pale, unateleza kwenye vidole. Robine iliyofunguliwa leo tu, beseni lake limelowa juu lakini kona ni kavu, inakwaruza vidole. Nilimtazama akifuta vidole kwenye suruali nikaona aibu kidogo, maana mimi nilikuwa mtu wa usafi.

Mara ya kwanza aliponiacha peke yangu nilileta ripoti ya ukurasa mzima nikisifu choo kipya cha soko moja. Mlango mzuri, niliandika, rangi ya bluu, kufuli imara. Aliisoma, akacheka mpaka akakohoa.

“Uliingia?”

“Hapana, Muzee. Kulikuwa na kufuli.”

“Basi umesifu mulango.”

Nyuma ya mlango ule hapakuwa na shimo. Hapakuwa na chochote, mifuko ya saruji tu. Nilitaniwa kwa jambo hilo miaka mingi, na hata mazishini kwa Muzee Anselme kuna mtu aliyelikumbusha, tukacheka huku tunalia.

Lakini lile la choo lilikuwa kosa la kitoto. Kosa langu la utu uzima lilitoka kwenye malezi mema, na ndilo ninalotaka mlisikie vizuri.

Kwetu mtu haingii kwenye avenyu ya watu, mtaa wao, na kuanza kuchungulia. Anapita kwanza kwa shefu wa avenyu, kiongozi wake, anasalimia, anapewa kiti, anaulizwa habari za nyumbani, anakunywa kidogo. Ukikataa kiti umemkataa mwenye kiti. Mama yangu alinilea hivyo, nami niliifanya kazi hivyo. Muzee Anselme naye alisalimia kila shefu, ila yeye alisalimia wakati wa kurudi. Nilidhani ni uzee, kwamba anasahau.

Basi, kulikuwa na avenyu moja upande wa Katoyi. Sitaitaja, kwa sababu wajukuu wa shefu wake wanauza mikate mizuri na ningependa kuendelea kuila. Shefu mwenyewe tumwite Papa Dieudonné. Ilikuwa na robine ya umma yenye midomo minne, na siku yangu ya kufika pale ilikuwa Alhamisi. Nilipita kwake. Chai ya maziwa, karanga za kukaanga, kiti chenye mto. Tulizungumza nusu saa, wakati mwingine zaidi, maana alikuwa mtu wa mazungumzo matamu na alijua habari za kila ukoo. Kisha tulitoka pamoja, taratibu, tukafika kwenye robine.

Na maji yalikuwa yanatoka! Midomo yote minne. Wamama wamejaa, watoto wananawa nyuso, jua limepenya ukungu na kila tone linang'aa juu ya yale mawe meusi. Wakiniona walipiga vigelegele. “Mama Mayi amekuya! Mama Mayi amekuya!” Ndilo jina walilonipa, Mama Maji. Mmoja alinishika mkono, mwingine alinisogezea kitoto chake nikibebe. Nilifurahi sana, siwafichi. Nilianza kuvaa kitenge changu kizuri siku za Alhamisi. Niliandika: Maji yanatoka vizuri, watu wanafurahi. Niliandika hivyo zaidi ya mwaka mzima, na nikirudi nyumbani nilitembea polepole kwa makusudi, nikiwa nimelewa furaha ile.

Nilikuwa nimeona jambo moja na kulipita. Wamama wale walikuja mbio, wengine na povu la sabuni bado mikononi, kama watu walioitwa ghafla. Siku moja nilimuuliza mmoja wao mbona anakimbia. Alicheka. “Juu ya furaha, Mama.” Kwa sababu ya furaha, alimaanisha, naye hakunidanganya.

Kisha vita vikasogea tena. Msiniulize vita vipi. Wengine wanavihesabu kwa majina ya waliovileta, mimi navikumbuka kwa watu waliokuja kulala shuleni. Wakimbizi wa nchi jirani walipovuka mpaka, miaka ya nyuma, nilikuwa bado nauza maharagwe na sikuijua komite. Safari hii walikuja watu wa milima ya Masisi, magodoro kichwani, mbuzi kwenye kamba, wazee wakiwa wamebebwa mgongoni. Shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya ile robine ikajaa. Familia zililala madarasani, wanafunzi wakasomea uani chini ya shitingi za plastiki.

Alhamisi moja, katikati ya vigelegele, nilimwona mwanamke mrefu amesimama pembeni na bidoni tupu. Kamba ya kubebea ilikuwa tayari kwenye paji la uso, lakini hakuusogelea mstari. Alinitazama tu. Waliniambia anaitwa Mama Neema, mfugaji, mumewe amebaki mlimani na ng'ombe. Mimi niliyezoea kusalimiwa nikaenda kumsalimia.

“Mama, juu ya nini hautekei? Mayi iko inatoka.”

“Inatoka juu yako.”

“Juu yangu?”

“Ukienda, banafunga. Jana haikutoka. Kesho haitatoka. Batu ba hapa bote banajua. Bakikuona kwa shefu, banakimbia na bidoni. Mi sikujua. Nilikuwa natumaka batoto ku ziwa.”

Ziwani maana yake Kituku, kule kwenye mitumbwi na soko la samaki, saa nzima ya kupanda ukirudi na bidoni mgongoni. Siku nyingine kulikuwa na mtu wa kutia dawa ya klori kwenye mabidoni, siku nyingine hakuwepo. Nilimuuliza ana watoto wangapi. Alinionyesha msichana wa miaka minane hivi aliyeegemea ukuta wa shule.

“Neema njo anabaki. Mudogo wake, Baraka, aliharisha siku mbili. Tulimuzika ile juma ilipita. Sasa ni Neema anashuka, mi siwezi kuacha bitu byetu peke.”

Hakupiga kelele. Papa Dieudonné alikuwa hatua chache tu kutoka pale, anatabasamu, ananingoja. Nilirudi kwake, nikaaga, nikashukuru kwa chai. Hata siku ile nilishukuru kwa chai.

Nyumbani nilifungua daftari nikatafuta juma alilougua Baraka. Lilikuwepo. Maji yanatoka vizuri, watu wanafurahi. Mwandiko mzuri, wino haujavuja. Kila neno lilikuwa kweli, nililiona kwa macho yangu, na mtoto alikuwa amekufa kwa kukosa maji hayo hayo. Nililia mpaka mume wangu akadhani nimepata habari ya msiba. Nikamwambia ndiyo, ni msiba.

Jumanne iliyofuata niliingia Katoyi kwa njia ya nyuma, kitenge cha kufanyia usafi, bidoni langu mkononi. Sikupita kwa shefu. Mnaweza kucheka, lakini moyo ulinidunda kana kwamba naenda kuiba. Midomo yote minne ya robine ilikuwa mikavu. Mbele yake kulikuwa na mstari wa mawe na mabidoni mabovu ambayo watu huweka kushika nafasi, na juu yake vumbi limelala. Niliinama nikaingiza mkono kwenye beseni, ile kona ya Muzee Anselme. Kavu. Kwenye tundu la kutolea maji buibui alikuwa amejenga nyumba yake bila wasiwasi wowote.

Nilifuata bomba. Lilipinda kwenye kijisanduku cha chuma chenye vani ya kufungia maji, likapanda kichochoro mpaka kwenye nyumba kubwa ya mkubwa mmoja iliyokuwa inajengwa. Sisterni, tangi lake la maji, imejaa hadi inamwagika, vibarua wanachanganya saruji wakiimba. Niliandika yote.

Papa Dieudonné alinikuta hapo. Hakuuliza habari ya bomba.

“Mama, umeingia ku avenyu yangu kama mwizi. Nilikukosea nini? Kiti yako inakungojeaka kila juma.”

Mnajua nilijisikiaje? Nilijisikia mkosaji. Uso uliniwaka. Hakuwa mtu katili, Papa Dieudonné; mkubwa alimwomba, naye hakujua kusema hapana, na chai yake alinipa kwa moyo. Nilimwomba radhi kwa kutomsalimia. Kisha nikamwambia kwamba kuanzia leo nitasalimia wakati wa kurudi.

Kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi nilisoma kwanza makosa yangu. Nilisema, Alhamisi zote nilizoandika humu hazifai, msiziamini. Halafu nikasoma ile Jumanne. Mtu wa meri, ofisi ya mji, aliyekaa mbele alianza kutafuta kitu chini ya kiti chake. Waliokasirika zaidi ni wamama wangu wa vigelegele. “Mama Mayi, unatuharibia! Sasa hata ile ya siku moja itapotea!” Walikuwa na haki ya kuogopa. Mama Neema alisimama nyuma kabisa, mlangoni.

Mabishano yalichukua majuma, siwachoshi. Mwishowe kijisanduku cha vani kikawekewa kufuli yenye funguo mbili zinazofanana, moja kwa mlinzi wa robine, moja kwa wamama wenyewe. Maji yakaanza kutoka kila asubuhi. Nilikwenda pale nimejaa fahari, nikatafuta uso mmoja tu kwenye mstari. Hakuwepo. Nilimkuta Neema njiani anapanda kutoka Kituku, bidoni mgongoni, shingo imekaza, miguu imejaa vumbi jeusi.

Nilikimbia mpaka shuleni. “Mama Neema, robine iko wazi! Juu ya nini bado unamutuma?”

Alikuwa anachambua maharagwe. Alijibu bila kuinua uso.

“Robine iko na shefu. Ziwa haina shefu. Nilingojea ile robine siku mingi, batoto balilala na kiu. Ziwa, najua ubaya yake. Robine, sijue ubaya yake itarudi lini.”

“Nitakuya kila siku. Nitaiangalia mi mwenyewe.”

“Na siku hautakuya?”

Nilikaa chini nikachambua maharagwe pamoja naye, muda mrefu, mpaka jua likahama ukuta.

Nikaenda kila siku. Asubuhi, mchana, saa zisizo na mpango. Nilipanga mstari na bidoni langu, nikasukumwa, nikakanyagwa. Neema aliendelea kushuka ziwani. Kila nilipomwona akipotea kwenye ukungu wa njia ile nilihofia kwamba hatapanda tena, na hofu hiyo ilinifuata mpaka kwenye sahani yangu ya chakula. Hata leo, nikisinzia hapa mlangoni, namwona akishuka, mgongo wake mdogo, kamba kwenye paji la uso, na ukungu unamfunika kuanzia miguuni. Nataka kumwita, sauti haitoki.

Najua mnavyofanya ninyi. Mnafika, mnapiga picha, mnaituma kwenye kundi la simu, watu wanaweka vidole gumba. Sikatai. Lakini picha yenu ingeonyesha maji yale yale niliyoyaona mimi, na wamama wale wale wanaocheka, na mimi katikati na kitenge changu kizuri. Mkifika mahali, ulizeni siku ambayo hamkuwepo ilikuwaje. Na msimuulize aliyewapa kiti. Muulizeni aliyesimama pembeni na bidoni tupu, hata kama hana tabasamu la kuwapa. Na mikono yenu ichafuke, sabuni ipo.

Basi, siku ambayo sikuweza kufika ilikuja. Mapigano yalisogelea mji. Silaha nzito zilisikika upande wa milima, mabati yakitetemeka, na Mabanga nzima ikajifungia ndani. Tulilala sakafuni na watoto, tukasali, tukagawana viazi. Robine ya avenyu yangu mwenyewe ilikauka tangu siku ya kwanza. Siku tatu sikutoka. Nilichokiwaza, Mungu anisamehe, hakikuwa nyumba yangu. Niliwaza njia ya Kituku na mtoto aliye juu yake.

Asubuhi ya nne kulikuwa kimya, ukungu mzito, mji hauonekani. Mlango ukabishwa. Nilifungua, na Mama Neema alikuwa amesimama pale na bidoni lililojaa mgongoni, jasho linamtiririka. Kutoka Katoyi mpaka Mabanga, akiulizia nyumba yangu njiani, siku kama ile!

“Neema?” niliuliza. “Neema iko wapi?”

“Iko. Nilimuacha na bamama ku shule.” Aliteremsha bidoni, akavuta pumzi. “Haukukuya siku tatu.”

Nilianza kujieleza, milio ya risasi, watoto, barabara. Alinikatiza kwa mkono.

“Nilikuwa kwa robine asubui zote tatu. Nilisema, leo njo batafunga. Ya kwanza, mayi ilitoka. Ya pili ilitoka, hata masasi ilikuwa inalia. Ya tatu, mulinzi alikimbia, bamama bakafungua na funguo yabo. Neema hakushuka ku ziwa. Lete daftari. Andika.”

Miaka yote nilifundishwa kutoandika nisichokiona. Nilileta daftari. Niliandika palepale kizingitini: Siku tatu mwangalizi hakufika, na maji yalitoka. Aliniambia nisome. Nikasoma. Akaniambia nisome tena, akasikiliza amefumba macho.

“Sasa weka jina ya ule aliona.”

Kalamu ilisimama. Miezi yote ile nilikuwa nimemwita kwa jina la mtoto wake, na sikuwahi kumuuliza lake. Nilimuuliza kwa aibu.

“Esperance Nyirasafari,” alisema, taratibu, na aliinama juu ya bega langu mpaka nilipomaliza herufi ya mwisho. Kisha akafungua kifuniko cha bidoni, akaniuliza sufuria zangu ziko wapi.